Sultan au Rubí: uchague wivu upi baada ya Isha

Ingia kwenye kibanda cha kujaza flashi, Darajani au Chake Chake, umwambie kijana aliyekaa nyuma ya kompyuta kwamba unataka mchezo wa wivu. Atakuuliza: wa Kituruki au wa Kimeksiko? Swali lenyewe halisaidii sana. Nchi ilikotoka tamthilia haikwambii kama utaipenda au utaitupa kwenye sehemu ya tatu. La kuuliza ni hili: wanawake hawa wanagombania nini, na nani kawaweka pahala pa kugombana?

Nimechukua michezo miwili kwa sababu inalijibu swali hilo kwa njia zisizokutana. Wa kwanza ni Muhteşem Yüzyıl wa Uturuki, ambao huku tumeuzoea kwa jina la Sultan kwa sababu ya Azam TV kuutia sauti za Kiswahili. Ulianza kwao Januari 2011 ukamalizika Juni 2014, na moyo wake ni Hürrem na Mahidevran, wanawake wawili wa Sultan Suleiman, aliyetawala kutoka Istanbul karne ya 16. Wa pili ni Rubí wa Meksiko, uliotolewa na Televisa 2004, ambamo Rubí anamnyang'anya shoga yake Maribel mchumba siku ile ile ya harusi. Asiyependa kuambiwa mwisho wa mchezo kabla hajauona aishie hapa, maana visasi havilinganishiki bila ya kusema vilikoishia. Na upande wangu nautangaza mapema: mimi ni wa Sultan, ila si kwa kila mtu wala kwa kila sebule.

Wanachogombania

Juu juu, Hürrem na Mahidevran wanamgombania mwanamme. Ukikaa nao kidogo unaona mwanamme ni mlango tu, na wanachopigania ni roho za watoto wao. Katika Dola ya Uthmaniya, kwa kanuni inayotajwa kuwa ya Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Istanbul 1453, mwana aliyekalia kiti aliruhusiwa kuwaua ndugu zake ili dola isigawike. Mahidevran anaye Mustafa, kijana mkubwa. Hürrem anawazaa Mehmed, Selim, Bayezid na Cihangir. Akitawala Mustafa, wana wa Hürrem wako hatarini kunyongwa. Akitawala mmoja wa wana wa Hürrem, Mustafa hana pa kuponea. Mpe Mahidevran moyo wa malaika, bado atahitaji mwenzake ashindwe. Hakuna suluhu hapo, hata waitwe wazee wa mtaa mzima.

Mtazamaji wa Zanzibar ana la ziada katika habari hizi, kwa sababu makasri ya masultani sisi hatuyaoni kwenye skrini tu. Magofu ya Mtoni yapo. Beit al-Sahel ipo pale ufukweni, Forodhani. Sayyid Said, Sultan wa Zanzibar, alipofariki 1856, watoto wote aliowaacha walikuwa wamezaliwa na masuria. Mkewe wa ndoa, Azze bint Seif, hakuwa na mtoto. Bintiye Salme, aliyezaliwa Mtoni 1844 na ambaye baadaye alijulikana kama Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa 1886, na humo wivu umejaa tele: nani kapendelewa, nani kapewa nini, dada yupi hasemi na dada yupi. Anaeleza namna dada yake Khole, kwa uzuri wake na kwa kupendwa mno na baba, alivyowakaa watu rohoni.

Lakini angalia walioshindwa waliishia wapi. Barghash, mtoto mwengine wa Sayyid Said, alipojaribu kumpindua nduguye Majid aliyekuwa Sultan 1859, akisaidiwa na Salme na Khole, alishindwa akapakiwa melini kupelekwa Bombay. Baadaye akarudi, na 1870 akawa yeye ndiye Sultan, na Beit al-Ajaib ikajengwa katika enzi yake. Panapokuwa na meli ya kwenda Bombay, wivu wa kina mama hauna haja ya kufika kwenye kitanzi. Istanbul ya Suleiman haikuwa na meli hiyo, na ndiyo maana kila chuki ndani ya mchezo ule ina uzito hata pale maneno ya waigizaji yanapokuwa mepesi.

Rubí hakubanwa na kanuni yoyote ya namna hiyo. Ni msichana maskini, mzuri kupindukia, anayesoma chuo cha matajiri kwa ufadhili. Shoga yake Maribel ni mtoto wa tajiri, anatembea kwa mguu wa bandia tangu ajali ya utotoni, na mchumba amempata kwa mazungumzo ya kwenye intaneti: Héctor, msanifu majengo. Rubí naye anampenda kwa kweli Alejandro, daktari, rafiki wa Héctor. Anapojua kwamba Alejandro hana pesa anamwacha, anamgeukia Héctor, na siku ya harusi bwana harusi anatoroka na shoga wa bibi harusi. Hakuna aliyemshikia Rubí kisu. Alitaka kutoka kwenye umaskini, akaona njia ya mkato, na njia hiyo ikapita juu ya mgongo wa mtu aliyemwamini.

Basi mtu anayetaka kuumizwa na pande zote mbili aende Istanbul. Anayetaka mtu wa kumlaani bila ya dhamiri kumsuta, Rubí anamtosha.

Mke mwenza na shoga

Sultan ukiwekwa kwenye sebule yenye wanawake wa rika mbalimbali, baada ya siku chache sebule inagawika. Watu wazima wengi huelekea kwa Mahidevran: yeye ndiye aliyetangulia, ndiye mama wa mtoto mkubwa, kakaa na adabu zake mpaka kaja huyu mgeni na kicheko chake. Wasichana huenda kwa Hürrem: katekwa akiwa mdogo kutoka nchi ambayo leo ni Ukraine, kauzwa, hana baba wala ndugu, sasa mlitaka afe kwa adabu? Kila upande una hoja, na mabishano yanaendelea hata televisheni ikizimwa. Nimesikia ndoa za watu zikijadiliwa kwa majina ya Hürrem na Mahidevran, wenyewe wakiwa wamekaa pale pale wakinywa chai.

Hilo haliji bure. Ukewenza huku si hadithi ya mbali. Sheria inamtaka mume afanye usawa wa zamu na matumizi, na kila mtu anajua nyumba ambamo usawa huo upo na nyumba ambamo haupo. Kwa hiyo Mahidevran anapofungasha kwenda Manisa na mwanawe, jambo lililotokea kweli 1533, na karibu na wakati huo Suleiman anamwacha huru Hürrem na kumuoa kwa ndoa kamili, mtazamaji hahitaji mtu wa kumfafanulia. Anaelewa kuwa bi mkubwa kapewa talaka ambayo haikutamkwa. Mchezo unasema kuwa ni ada, mama hufuatana na mwanawe anapopewa jimbo. Ada ni kweli ilikuwepo. Ila ada haikumzuia Suleiman kubaki na mmoja.

Rubí anagusa kidonda cha aina nyengine, na kwa baadhi ya watu kinauma zaidi. Mke mwenza hakukuahidi kitu. Shoga ndiye aliyeahidi. Kwetu shoga wa bibi harusi ndiye mwenye shughuli zote: singo, hina, nani akae wapi, nani asialikwe. Ndiye anayejua mahari imebaki kiasi gani na usiku upi ulilia. Mtu huyo akikuchukulia bwana, kaondoka na siri zako pia, na huna tena wa kumwendea kulalamika, kwa sababu wa kumwendea alikuwa yeye. Sehemu za mwanzo za Rubí zinalijenga hilo polepole: Maribel anamwazima nguo, anamsifu, anamtetea mbele ya watu waliokwisha kumshtukia. Mwenye jeraha la shoga katika maisha yake afikiri mara mbili kabla ya kuuanza. Au auanze, inategemea anapenda kulia namna gani.

Silaha

Katika Sultan kuna sumu, majasusi, barua za uongo na vijakazi wanaotumwa usiku. Hayo yote yanapendeza kwa sehemu ishirini hivi, kisha yanajirudia. Kinachobaki akilini ni pale Mahidevran anapompiga Hürrem, na uzuri wake ni kwamba hakikutoka kichwani mwa mwandishi peke yake. Balozi wa Venice, Bernardo Navagero, aliandika katika taarifa yake ya 1553 habari za ugomvi huo. Kwa mujibu wake, Mahidevran alimparura mwenzake uso, akamng'oa nywele na kumwita nyama iliyouzwa. Siku chache baadaye Sultan akatuma mtu amwite Hürrem. Hakwenda. Akarudisha jibu kuwa yeye ni nyama ya kununuliwa, uso umeparuka na nywele zimenyofoka, hafai kusimama mbele ya Sultan. Suleiman akamwita Mahidevran kumuuliza. Naye, kwa kiburi, akasema ndiyo nimempiga, na alistahili zaidi.

Hakuna ngumi iliyopiga kuliko kule kutokwenda. Mwenzake alimtukana, yeye akalichukua tusi lile lile, akalikunja vizuri na kulituma kwa mwenye nyumba. Watu waliolelewa na taarabu ya wanawake, enzi ambazo vyama kama Nour el Uyun na Sahib el Arry vilikuwa vikitupiana nyimbo bila ya kumtaja mtu jina, wanaujua ufundi huo. Unasema neno ambalo hukumu yake anajitolea mwenyewe anayelisikia. Kanga ya kuvaa ukipita mlangoni kwa mtu inafanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Hürrem wa kwenye mchezo, hasa wakati anapoigizwa na Meryem Uzerli, angeweza kuishi Ng'ambo bila ya kufundishwa kitu.

Rubí hana fumbo. Silaha zake ni uzuri, uongo wa waziwazi na machozi ya kuagiza, na Bárbara Mori anavitumia vitatu hivyo kwa raha mpaka unajikuta unamshangilia bila ya kupenda. Kasoro iko upande wa pili. Maribel halipizi. Anaumia, anasamehe, anaumia tena, na hatimaye anaolewa na Alejandro, yule yule ambaye Rubí alimpenda. Kisasi kinafanywa na mwandishi kwa niaba yake: Rubí anaanguka, uso unaharibika, mguu unakatwa. Mguu! Aliyemdharau mwenzake kwa mguu wa bandia, anapoteza wa kwake. Waliozoea hadithi za adhabu kutoka juu watafurahi. Mimi naona ni njia ya kukwepa, kwa sababu mwanamke aliyedhulumiwa hakupewa nafasi ya kufanya lolote lenye doa.

Ila mwisho kabisa wa Rubí ni mkali na unastahili kusubiriwa. Miaka imepita, Rubí amelemaa, na mpwa wake Fernanda amekua akifanana naye sura kwa sura. Rubí anamfunda, kisha anamtuma akamharibie Alejandro maisha. Kisa hiki asili yake ni hadithi ya picha ya Yolanda Vargas Dulché wa Meksiko, ya miaka ya 1960. Kati ya visasi vyote vya michezo hii miwili, hicho ndicho kilichonifanya nirudishe nyuma nitazame tena: chuki inayorithishwa kama kidani.

Kisasi cha Sultan kinachelewa zaidi na ni cha kweli. Mustafa aliuawa kwa amri ya baba yake Oktoba 1553. Mchezo unalifikisha tukio hilo katika msimu wa nne, na sehemu hiyo ilipoonyeshwa Uturuki 2014 watu walimiminika kulizuru kaburi lake Bursa, miaka zaidi ya 450 baada ya kifo chake. Hürrem alikuwa ameshinda. Akafa 1558, kabla ya kuona wanawe wawili, Selim na Bayezid, wakipigana vita wao kwa wao. Bayezid na watoto wake wakauawa 1561. Mahidevran akaishi Bursa, kwa miaka mingi katika dhiki, mpaka 1581. Aliyemtoa kwenye dhiki hiyo ni Sultan Selim, mtoto wa Hürrem. Mwandishi wa tamthilia angelitunga hilo mwenyewe tungemwambia kazidisha.

Muda, lugha na aliyekaa sebuleni

Rubí ina sehemu 115, kila moja isiyofika saa nzima. Ukitazama mbili kila usiku, unamaliza katika miezi miwili na unabaki na muda wa kuzungumza na watu wa nyumbani. Ipo pia Rubí ya 2020, iliyofupishwa mno, na sikushauri uanzie hapo: inakimbia, na kisa cha usaliti wa rafiki hakipati muda wa kuiva.

Sultan ni mzigo. Kwa Kituruki ni sehemu 139, na nyingi zinazidi saa moja na nusu. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vifupi, hivyo ukiambiwa idadi mara mbili ya hiyo usidhani umetapeliwa. Jambo jengine, Uzerli aliondoka 2013, na msimu wa mwisho Hürrem anaigizwa na Vahide Perçin. Ni mwigizaji mzuri, mzito, lakini ni mtu mwengine kabisa, na wapo waliokata tamaa wakaacha hapo. Vumilia sehemu chache. Mustafa bado hajafa.

Lugha iamue mengi. Kama nyumba ina bibi asiyesoma maandishi ya chini kwa haraka, Sultan yenye sauti za Kiswahili inashinda bila ya mjadala. Hakuna raha ya kumtafsiria mtu tusi dakika mbili baada ya kutukanwa. Mwambie muuza flashi akufungulie sehemu moja usikilize kabla hajaijaza.

Kuhusu watoto na wakwe, hakuna aliye salama kati ya hizi mbili. Rubí ina mabusu na mavazi ya kawaida ya Kimeksiko, na mwenye rimoti anajua wakati wa kwenda kuangalia jikoni. Sultan inajificha nyuma ya misikiti na vilemba, ukidhani unatazama historia ya Kiislamu, kisha mvinyo unamiminwa na mlango wa chumba unafungwa. Hata kwao ilizua maneno: Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, akiwa Waziri Mkuu, aliushambulia mchezo huo hadharani akisema Suleiman alitumia miaka 30 ya maisha yake juu ya farasi, si ndani ya kasri kama unavyoonyeshwa. Ramadhani uweke kando, wote wawili, urudi nao mfungo mosi.

Kama hakuna uliokukaa

Wahindi wana Kasautii Zindagii Kay, iliyoanza 2001 ikaisha 2008 kwa sehemu zaidi ya 1,400. Prerna ni mwema, Komolika ni mwovu, na Komolika wa Urvashi Dholakia hawezi kuingia chumbani bila ya muziki kumtangaza. Kwa mavazi, kwa kope, kwa kugeuza shingo, hakuna wa kumfikia. Kwa hoja, hana. Itazame ukiwa unapiga pasi.

Wildflower ya Ufilipino, 2017 hadi 2018, ni ya wanaopenda kisasi cha mahesabu. Mtoto Lily anaharibiwa familia yake na ukoo wa Ardiente, analelewa na mwanamke tajiri, anarudi kwa jina la Ivy Aguas na kuanza kumbomoa Emilia Ardiente tofali kwa tofali. Wivu wa mapenzi umo kidogo tu. Njaa ya haki ndiyo inayouendesha. Kama Maribel alikukera kwa upole wake, dawa yako ni hii.

Kwa hiyo: nyumba yenye watu wengi na miezi ya kutosha, chukua Sultan, mgawane pande. Mtu aliye peke yake na anayetaka kisa chenye mwanzo na mwisho, Rubí ya 2004. Na waliomaliza Sultan wakabaki na njaa, upo mwendelezo wake, Muhteşem Yüzyıl: Kösem, wa 2015 hadi 2017. Humo ugomvi unahama kutoka kwa wake wenza kwenda kwa mama mkwe na mkaza mwana: Kösem na Turhan, aliyezaa na Ibrahim, mwana wa Kösem. Historia inasema Kösem alinyongwa 1651, na aliye nyuma ya amri ni Turhan. Usiuanze huo wiki ambayo mama mkwe kaja kukaa.